Kibali hukaguliwa mara moja, malipo hutoka mara kumi: kaunti na wakandarasi wa serikali Nairobi

Anayeuzia serikali hapa Nairobi anadaiwa na pande mbili. KRA, mamlaka ya mapato ya taifa, inamdai kodi ya mapato na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kaunti inamdai kibali cha biashara, ada ya bango, ada ya kuchimba barabara na nyingine ndogondogo. KRA hupata yake kwa sababu imejiweka ndani ya malipo yenyewe: hela haimfikii mkandarasi kabla fungu lake halijakatwa. Kaunti yenyewe imesimama mlangoni. Siku ya kufungua zabuni kibali kinatazamwa, kinawekewa alama ya vema, na baada ya hapo hakuna anayekiuliza tena hata mkataba ukidumu miaka mitatu.

Pengo hilo ndilo nitakaloliandikia hapa. Yanawahusu wahasibu wa wizara na mashirika ya umma, maafisa wa mapato wa kaunti, na zaidi wenye kampuni ndogo ambao hujikuta wamenyimwa tenda kwa sababu ya karatasi ya elfu chache. Mwenye haraka ya hesabu ashuke hadi kwenye ankara ya milioni moja.

Kaunti inatoza kwa nguvu ya nini

Kibali cha biashara si kodi kwa maana ya Katiba. Ibara ya 209 inazipa kaunti kodi mbili kwa majina: ya ardhi na ya burudani, pamoja na nyingine yoyote itakayoidhinishwa na sheria ya Bunge. Halafu inaziruhusu kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Leseni za biashara zimetajwa kwenye Jedwali la Nne kama kazi ya kaunti, na hapo ndipo kibali kinapata miguu. Kiasi chake hufuata aina ya biashara, ukubwa wa eneo na idadi ya wafanyakazi. Hakifuati thamani ya mkataba. Mwenye tenda ya milioni 2 na mwenye tenda ya milioni 200, wakiwa na ofisi sawa na watu sawa, hulipa kibali sawa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia kaunti ina "asilimia yake" kwenye mkataba wako na wizara, mwombe akuonyeshe kifungu. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Sheria yenyewe kwa kaunti ni ile ya fedha ambayo Bunge la Kaunti hupitisha, pamoja na sheria ya leseni za biashara. Viwango vya mwaka juzi havina kazi kama vimebadilishwa, na viwango vilivyopendekezwa kwenye mswada havina kazi kabla havijapitishwa. Wengi wanaopiga kelele mitandaoni kuhusu ada mpya huwa wamesoma mswada.

Tangu 2023 Nairobi imekuwa ikitoa kibali cha pamoja. Ndani yake kuna leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, ada ya bango la duka au ofisi, na vyeti vya afya kwa wanaohusika na chakula. Zamani kila kimoja kilikuwa na afisa wake na siku yake ya kukukuta. Sasa bili ni moja, ingawa kwa mkandarasi hilo lina upande wa pili: bili moja ikiwa kubwa kuliko alivyozoea, huiacha yote, na anakosa kila kitu kwa mpigo.

Ukurasa wa 14 na ukurasa wa 61

Chukua zabuni yoyote ya kazi za ujenzi. Kurasa zote zina namba mfululizo, maana sheria ya ununuzi inadai hivyo. Tuseme kibali kiko ukurasa wa 14. Kimeandikwa biashara ndogo, wafanyakazi 3, ofisi ya chumba kimoja ghorofa ya pili pale River Road. Sasa fungua ukurasa wa 61, kwenye jedwali la uwezo wa kampuni: wahandisi 2, wasimamizi 4, mafundi 21, matingatinga 2, lori 5, na yadi ya vifaa Industrial Area.

Kampuni ni hiyohiyo. Kwenye ukurasa wa 14 inajifanya kibanda ili ilipe kidogo, na kwenye ukurasa wa 61 inavimba ili ipewe alama. Kamati ya tathmini haina kazi ya kukusanya mapato ya kaunti, hivyo inapita. Lakini hati zote mbili zimetiwa saini na mtu mmoja, na ile ya pili ni ushahidi wa kutosha kabisa kwa afisa wa mapato kumpandisha ngazi na kumdai tofauti. Na yadi ya Industrial Area? Hiyo ni sehemu nyingine ya biashara, na kwa kawaida kila eneo hulipiwa kivyake.

Pale pana makosa mengine manne ambayo hurudi kila mwaka, na karibu yote si ya ulaghai.

La kwanza ni jina. Kampuni imesajiliwa kwa jina moja na kibali kimetoka kwa jina la duka, au kwa jina la mkurugenzi mwenyewe kwa sababu alilipia kwa simu yake. CR12, hati ya msajili wa kampuni, inasema hivi, kibali kinasema vile. Kwa kamati kali hiyo si hati ya mzabuni huyo.

La pili ni aina ya biashara. Mfumo wa zamani wa kibali kimoja, uliokuja mwishoni mwa miaka ya 1990, uligawa biashara kwa mamia: 100 ni biashara ya jumla na rejareja, 300 uchukuzi, 600 huduma za kitaalamu, 800 viwanda, karakana na wakandarasi. Majedwali ya kaunti nyingi bado yana alama za mpangilio huo. Mtu mwenye kibali cha kuuza vifaa vya ofisi akiomba kazi ya kujenga choo cha shule, kibali chake ni halali lakini si cha kazi hiyo. Huyu mara nyingi alianza na karatasi na kalamu, akakua, na hakukumbuka kurudi kubadilisha.

La tatu ni tarehe. Zabuni hufunguliwa Machi, uamuzi unatoka Juni, rufaa inakula wiki kadhaa, mkataba unatiwa saini Septemba. Kibali kilichokuwa hai Machi kinaweza kuwa kimekufa Septemba. Usibahatishe kwa kudhani vyote vinaisha Desemba 31. Soma tarehe iliyochapishwa kwenye cheti chenyewe.

La nne ni kughushi, na hili ni la ulaghai waziwazi. Faili ya PDF ya mwaka uliopita inabadilishwa tarakimu moja. Dawa yake ni nyepesi: usiamini karatasi, ingiza namba ya kibali kwenye mfumo wa mapato wa kaunti uone kama inarudi na jina lilelile, eneo lilelile na mwaka huohuo. Cheti cha kodi cha KRA, kile ambacho ofisini kila mtu hukiita TCC, kina kikaguzi chake kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na hudumu miezi 12, ila KRA inaweza kukifuta kabla ya muda huo. Kwa hiyo nacho kikaguliwe siku ya kuamua. Kukikagua siku ya kufungua sanduku peke yake hakutoshi.

Mkandarasi wa Nakuru anahitaji kibali cha Nairobi?

Kwa kuleta mzigo wizarani na kurudi, hapana. Kibali hufuata mahali biashara ilipo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinamtaka mzabuni awe ametimiza wajibu wake wa kodi. Hakisemi awe mwenyeji wa kaunti ya mnunuzi. Hati ya zabuni ya taasisi ya kitaifa ikiandika "kibali halali cha Kaunti ya Nairobi" imewafungia nje watu wa kaunti 46 bila sababu, na mzabuni aliyetupwa kwa kigezo hicho ana siku 14 za kwenda kwenye Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, ambayo nayo ina siku 21 za kuamua. Andika "kibali halali cha kaunti anakofanyia biashara" na yaishe.

Hali hubadilika akipanga ghala Embakasi, akiweka mtambo wa kuchanganya zege Kasarani, au akifungua ofisi ya kazi ambayo wafanyakazi huripoti kila asubuhi kwa miezi minane. Hapo anafanya biashara ndani ya Nairobi, hata kama makao yake makuu yako Nakuru na kibali cha kule kiko hai. Wakandarasi wengi hubishana hapa kwa nia njema kabisa: "tumeshalipa nyumbani." Wamelipia nyumba ya kwanza, na hii ni ya pili.

Upande mwingine, kanjo, yaani askari wa kaunti, anayesimamisha gari lenye nembo ya kampuni ya Thika likipeleka vitanda hospitalini, akitaka ada ya tangazo, yuko kwenye ardhi tete. Ibara ya 209 hiyohiyo inakataza kodi za kaunti zinazoumiza shughuli za kiuchumi kuvuka mipaka ya kaunti. Watengenezaji bidhaa wamelalamikia ada hizi za magari kwa miaka. Kwa mwenye kampuni ndogo ushauri wa kawaida ni huu: weka ndani ya gari nakala ya kibali, LPO (oda ya ununuzi) na hati ya kupelekea mzigo. Hoja za kikatiba hazimalizwi kando ya barabara, lakini LPO ya hospitali ya umma hupunguza maneno.

Milango mitatu

Ukitaka kukusanya ada za kaunti bila kukimbizana na watu, tumia nyakati tatu ambazo mkandarasi mwenyewe ana haja na wewe.

Mlango wa kwanza ni zabuni, na huo tumeuona. Kasoro yake ni kwamba unawabana wazabuni wote ishirini, huku atakayelipwa ni mmoja.

Mlango wa pili ni kutia saini mkataba, nao unapuuzwa mno. Baada ya barua ya ushindi, sheria inataka zipite siku 14 kabla ya mkataba kutiwa saini. Siku hizo 14 hukaliwa bure, na zinatosha kabisa kwa mambo matatu. Afisa wa ununuzi anamwandikia mshindi kwamba kibali na TCC vitakaguliwa upya siku ya saini. Mshindi ambaye kibali chake kimekwisha anakwenda kulipia. Hataki kupoteza kazi ya milioni kumi kwa ada ya kibali. Na mwanasheria anaingiza kwenye mkataba sentensi moja: mkandarasi atadumisha vibali vyote vya kisheria, vikiwemo vya kaunti ambamo kazi inafanyika, kwa muda wote wa mkataba, na ataambatanisha uthibitisho kwa kila ankara.

Bila sentensi hiyo, mlango wa tatu hauna bawaba. Mlango wa tatu ni malipo. Mhasibu anayekataa kupitisha vocha ya malipo ya kazi iliyokamilika na kupokelewa na kamati ya ukaguzi, kwa sababu tu kibali kimekwisha na mkataba haukusema lolote juu yake, anaiweka taasisi kwenye hatari ya kudaiwa riba ya kuchelewesha malipo. Sentensi ikiwepo, kibali kinakuwa kiambatisho kama ankara na hati ya kupokea mzigo, na vocha isiyo nacho hairudishwi kwa chuki bali kwa orodha.

Kwa kazi za ujenzi kuna mlango wa nne, eneo lenyewe la kazi: uzio wa mabati unaoingia kwenye njia ya miguu, kukata lami ili kupitisha bomba, kumwaga kifusi. Ada hizi hudaiwa kabla ya kazi kuanza, na mkandarasi mzoefu huziweka kwenye bei yake. Asiyezoea huambiwa "mradi ni wa serikali, hakuna ada", anaamini, na siku ya tatu vifaa vyake vinashikiliwa. Mradi kuwa wa serikali hakumfanyi mkandarasi kuwa serikali. Kama mnunuzi amesamehewa ada fulani kisheria, mwombe akupe barua inayotaja sheria hiyo kabla hujaweka bei.

Ankara ya milioni moja

Sasa tuone kwa nini KRA haihitaji milango yote hiyo.

Kampuni imepeleka dawati za shilingi 1,000,000 kwa taasisi ya umma. Imesajiliwa kwa VAT, hivyo ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, inaongeza asilimia 16, yaani 160,000. Jumla 1,160,000. Kabla ya kulipa, taasisi inakata vitu viwili. VAT ya zuio ni asilimia 2 ya thamani kabla ya VAT: 20,000. (Ilikuwa asilimia 6 hadi 2019, na bado kuna watu wanaokata kwa mazoea yaliyopitwa na wakati au, kibaya zaidi, wanaokata asilimia 2 ya ile 160,000.) Kisha kuna zuio la kodi ya mapato kwa bidhaa zinazouzwa kwa taasisi za umma, asilimia 0.5 kwa mkaazi wa Kenya, lililoanza Desemba 27, 2024: 5,000. Kampuni inapokea 1,135,000.

Ingekuwa kazi ya mkataba, mathalan kupaka rangi au kujenga, zuio la mapato ni asilimia 3: 30,000, na mkononi inabaki 1,110,000. Ushauri wa kitaalamu ni asilimia 5. Kwa kazi za mkataba na ushauri zuio huanza malipo ya mwezi yakifika 24,000. Juu ya hayo kuna tozo ya kujenga uwezo wa ununuzi wa umma, asilimia 0.03 ya thamani ya mkataba bila kodi, ambayo hapa ni shilingi 300. Kwenye ujenzi ongeza pia fungu linaloshikiliwa, kwa kawaida asilimia 10, hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe. Hilo si kodi, lakini kwa mwenye mkopo wa benki linauma vilevile.

Zile 20,000 na 5,000 hazijapotea. Ni kodi ya mkandarasi iliyolipwa mapema, naye huitoa kwenye hesabu yake. Ataitoa pale tu taasisi itakapokuwa imeipeleka KRA. Tangu Julai 2023 muda wa kupeleka ni siku 5 za kazi baada ya kukata. Taasisi ikipeleka, cheti cha zuio hutokea kwenye iTax kwa PIN (namba ya mlipa kodi) ya mkandarasi. Isipopeleka, hakuna cheti, na kwa mfumo wa KRA ni kana kwamba hakuna kilichokatwa.

Hapa ndipo mkandarasi mdogo anapovunjika, tena bila kosa lake. Amekatwa 20,000. Taasisi imekaa nazo. Anajaza ripoti ya VAT kabla ya tarehe 20, anadai kupunguziwa zile 20,000, mfumo hauzioni. Daftari lake la KRA linaonyesha deni, adhabu na riba vinaanza kupanda, na anapoomba TCC mpya mfumo unamkatalia. Bila TCC hawezi kuingia tenda inayofuata. Yaani ametolewa sokoni na pesa zake mwenyewe.

Tabia ya kujikinga ni hii: siku malipo yanapoingia benki, linganisha kilichoingia na ankara, andika tofauti ni shilingi ngapi na ya nini, kisha hesabu siku 5 za kazi. Siku ya sita ingia iTax. Kama cheti hakipo, peleka barua kwa idara ya uhasibu wiki hiyohiyo ukitaja namba ya ankara, namba ya vocha na kiasi, na uombe namba ya malipo ya KRA waliyotumia. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua ya wiki ya kwanza hujibiwa na mtu aliyeshika vocha. Barua ya mwaka wa pili hujibiwa na mtu aliyehamishiwa pale juzi, ambaye hana habari.

Jambo la VAT lenye maumivu zaidi halina tiba nzuri. Sheria huhesabu siku ya kuuza kuwa ile inayotangulia kati ya kupeleka mzigo, kutoa ankara, kupewa cheti cha kazi na kulipwa. Serikali ikichelewa miezi 14, VAT ya zile dawati bado inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata mwezi wa kupeleka. Mkandarasi anakopa ili ailipie serikali kodi ya pesa ambazo serikali hiyohiyo haijampa. Unapoweka bei ya tenda, weka gharama ya mkopo huo. Na kama hujasajiliwa kwa VAT, angalia ukubwa wa tenda unayoiomba: kiwango cha kusajiliwa ni milioni 5 kwa miezi 12, na tenda moja ya milioni 6 inakuvusha. Una siku 30 za kujisajili. Aliyeweka bei bila VAT halafu akavuka atailipa kutoka kwenye faida, kama anayo.

Kaunti inapokuwa mdaiwa

Tumesema kaunti inamdai mkandarasi. Mara nyingi mkandarasi naye anaidai kaunti, na kwa kiasi kikubwa zaidi. Nairobi imekuwa ikiongoza kaunti zote 47 kwa malimbikizo ya madeni, kwa makumi ya mabilioni ya shilingi. Mtu anayedai milioni 8 kwa kazi ya 2019 akiona notisi ya kufungiwa ofisi kwa sababu ya kibali, jibu lake la kwanza ni "kateni hukohuko."

Haiwezekani kwa njia hiyo ya kuambizana. Ibara ya 207 inataka kila pesa ya kaunti iingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti kwanza, na itoke kwa kuidhinishwa. Deni la mkandarasi lina njia yake: vocha, bajeti, idhini. Kibali kina njia yake: bili, malipo, risiti. Kuzikutanisha dirishani ni kutumia mapato kabla hayajaingia mfukoni, na mkaguzi atauliza. Kusamehe ada nako kunahitaji sheria inayoruhusu, na kila msamaha uwekwe kwenye kumbukumbu za umma pamoja na sababu, na kupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu. Afisa anayekuahidi "nitaishughulikia" hana mamlaka hayo.

Kinachowezekana ni kufanya njia mbili zikutane siku moja bila kuchanganyika. Kaunti inapoandaa orodha ya madeni itakayolipa mwezi huu, idara ya mapato ipewe orodha hiyo wiki mbili kabla. Kila mkandarasi aliye na bili ya kibali ajulishwe kwamba malipo yake yako kwenye foleni na bili yake iko wazi. Deni linalipwa kwa ukamilifu wake, makato ya KRA yanatoka, mkandarasi analipa kibali kwa risiti. Pesa zimezunguka njia ndefu, lakini kila hatua ina karatasi. Kumfungia mlango mtu unayemdai 30,000 huku yeye akikudai milioni 8 hakuleti hata senti. Anahamia Kiambu na ofisi yake ya meza mbili.

Orodha iko wazi, hakuna anayeilinganisha

Amri ya Rais namba 2 ya 2018 iliagiza taasisi za umma kuchapisha tenda zilizotolewa, na kwa nani. Tovuti ya taifa ya taarifa za tenda ina majina hayo. Idara ya mapato ya kaunti haihitaji askari wala pikipiki kuanza kazi. Inahitaji mtu mmoja wa takwimu kwa wiki moja.

Anapakua washindi wa mwaka wa fedha uliopita kwa taasisi zilizo Nairobi. Anaweka kando wale ambao anwani ya kampuni na eneo la kazi vyote viko nje ya Nairobi. Waliobaki analinganisha na daftari la vibali, na hapa atumie PIN ya KRA, asitumie majina. Jina moja huandikwa Enterprises mahali hapa, Ent. mahali pale, na Limited ikawa Ltd. Kompyuta inaona kampuni tatu. PIN ina herufi mbele, tarakimu tisa, herufi nyuma: inayoanza na P ni ya kampuni, inayoanza na A ni ya mtu binafsi. Ikiwa daftari la vibali halina PIN kwenye nusu ya mistari, jambo la kawaida kwa vibali vya zamani, kazi ya kwanza ni kuijaza wakati wa kuhuisha, kabla ya kumtisha yeyote.

Atapata mafungu matatu. Wenye kibali sahihi, aachane nao. Wenye kibali cha ngazi ya chini kuliko ukubwa wao, wale wa ukurasa wa 61, waandikiwe tofauti na wapewe muda wa kujibu, maana wengine watakuwa wameazima mafundi kwenye karatasi na kiuhalisia ni watu watatu kweli. (Hapo tatizo si la kaunti tena, ni la aliyewapa tenda.) Na wasio na kibali kabisa. Hao wengi ni kampuni za brifkesi: anwani ni sanduku la posta, ofisi ni simu, na mara nyingine ni kijana wa AGPO (mpango wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu tenda za serikali) anayefanyia kazi chumbani kwao Umoja na hajui kwamba anahitaji kibali. Kwa huyo wa mwisho barua yenye kiasi, namba ya kulipia na tarehe hufanya kazi kuliko msako. Kwa wale wengine, tafuta taasisi inayowalipa. Wanaweza kukimbia kaunti, hawawezi kukimbia mahali vocha zao zilipo.

Muda wa kufanya haya ni Aprili na Mei. Juni ndio mwezi ambao mwaka wa fedha unafungwa na vocha zinapita kwa rundo, hivyo notisi inayofika Mei inamkuta mkandarasi akiwa na sababu ya kuwa msafi. Ikifika Agosti, amekwishalipwa, amekwishalipa benki, na simu yake haipatikani.